Pili alipozaa, hatari haikutoka kwa Simba

Katika parseli yetu ya Himbi, hapa Goma, tuna mbwa watatu: Pili, Malaika na dume, Simba. Wamekula na kulala pamoja miaka mingi. Pili alipobeba mimba, hofu yangu yote ilikuwa kwa Simba. Nilikosea.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Nilimtengea Pili kibanda cha mbao nyuma ya jiko, nikakiinua kisiguse mawe ya volkano yaliyo chini, maana usiku yanapitisha baridi, nikatandika magunia na nguo kuukuu. Akazaa watano. Asubuhi Simba alisogea anuse, Pili akamtolea meno, Simba akaenda zake kulala getini. Ya Simba yaliishia hapo.

Malaika ndiye aliyekataa kuondoka. Yeye na Pili walikuwa wameingia joto la kupandwa wakati mmoja, ila Malaika tulimfungia ndani, hakupandwa. Sasa chuchu zake zimejaa, na maziwa yanatoka. Siku ya pili mke wangu akaniita kwa sauti: "Papa Amani, kuja! Mtoto amekuwa baridi kama jiwe!" Malaika alikuwa amemchukua mtoto mmoja hadi kizingitini, anamlamba kwa upendo kabisa. Lakini mtoto wa mbwa katika majuma ya kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe, baridi humuua upesi. Nilimtia ndani ya shati, kifuani, mpaka akaanza kujinyonganyonga, ndipo nikamrudisha kunyonya. Mtoto aliyepoa halishwi kabla hajapata joto. Wakati huo Pili alishamvamia Malaika. Niliwaachanisha kwa ndoo ya maji. Usiingize mkono kati ya mbwa wanaopigana, hata kama ni wako.

Veterineri alitueleza kwamba ni mimba ya uongo, huja miezi miwili hivi baada ya joto. Akatukataza kumkamua Malaika au kumshikashika chuchu, kwa kuwa hilo huongeza maziwa.

Nikakiwekea kibanda mlango wa mbao, mzima, usio na upenyo, kwani Pili alipomwona mwenzake hata kwa mbali aliacha kunyonyesha akasimama kulinda. Malaika na Simba wakahamia upande wa barabara. Pili akala fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kibandani, mara nne kwa siku, peke yake. Nilinawa mikono kila nilipotoka kwa wale wawili, kwa sababu wao huzurura na wanaweza kuleta parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Malaika alilia siku tatu, akabeba kiatu cha binti yangu akakilalia. Iliniuma kumwona vile, lakini sikufungua.

Juma la tatu lilipokwisha, watoto wanaona na wanatembea, maziwa ya Malaika yamekauka. Nikaanza kuwabadilishia Pili na Malaika magunia ya kulalia ili wazoeane kwa harufu, kisha nikawatembeza wote wawili pamoja barabarani, mbali na watoto. Mwisho nikamwingiza Malaika kwa kamba, dakika tano tu, Pili akiwa huru. Pili alipokaza mwili, tulitoka. Siku ya nne alilala chini akamwacha anuse.

Sasa wana majuma saba, chanjo ya kwanza wamepata, wanamng'ata Malaika masikio naye ametulia. Chakula bado nampa kila mmoja mahali pake, na usiku ule mlango naufunga.