Mama aliniuliza: umevuka bahari ukaishi uswahilini?

Nilipompigia mama simu Moshi kumwambia naacha kazi ya ghalani ili nikatumike mwaka mzima kwenye programu ya kujitolea ya vijana Wakristo North Lawndale, magharibi mwa Chicago, Marekani, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukaishi uswahilini?" Nilikosa jibu. Mtaa wenyewe una viwanja vitupu palipobomolewa nyumba, na wengi wenye uwezo walishahama zamani.

Programu za namna hii zipo nyingi Marekani. Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, walianza ya kwao Alaska mwaka 1956, Walutheri wakaanza Washington DC mwaka 1979. Mnakaa vijana watano au sita nyumba moja, mnapewa posho ndogo, mnachangia chakula na kupika kwa zamu. Mchana kila mtu yuko kwenye kituo alichopangiwa. Jioni moja kwa wiki mnasali na kuwekana sawa kwa yale mliyokwazana. Mimi nimekulia kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwa hiyo jioni hizo hazikunipa shida.

Kilichonisumbua ni lile wazo la kuhamia kwenye mtaa wa wahitaji. John Perkins, mchungaji mweusi wa Mississippi aliyepigwa na polisi nusura afe mwaka 1970, alifundisha mambo matatu: kuhamia kwa wahitaji, kupatanisha watu, kugawana mali. Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, naye alipanga nyumba hapa hapa Lawndale mwaka 1966, mtaa wa Hamlin Avenue, ili nchi ione nyumba mbovu walizopangishwa weusi. Wayne Gordon, kocha mzungu wa sekondari, alihamia hapa miaka ya 1970, na mwaka 1978 akaanzisha kanisa pamoja na wanafunzi wake. Watu walipoulizwa wanahitaji nini, walitaja mahali salama pa kufulia nguo. Basi kanisa likaanza na mashine ya kufulia. Kliniki ilikuja baadaye, mwaka 1984.

Nami nilikuwa sijauliza mtu kitu. Siku ya kwanza nilifika kituo cha chakula cha msaada na mpango wangu wa kupanga foleni, nimeuandika vizuri kwenye karatasi. Bibi mmoja wa miaka 70 na kitu, aliyegawa chakula pale miaka mingi, aliniambia niiweke mfukoni, nikae mlangoni nijifunze majina ya watu. Nilikaa miezi miwili. Nikamjua mwenye kisukari, nikamjua na baba anayesubiri watu waishe ndipo aingie, kwa aibu. Uongozi nilioupata mwaka ule niliupata mlangoni pale, kuliko semina zote tulizopelekwa.

Lakini niseme jambo linaloniuma. Posho ile haitoshi kutuma hela nyumbani. Kabla ya kuanza niliweka akiba miaka miwili ili ada ya mdogo wangu isikatike, na wenzangu wengi wa Afrika Mashariki hawawezi hata hivyo. Baadhi ya programu hutoa fungu la elimu mwisho wa mwaka, ila ni la chuo chako au mkopo wako wa huku, na bila uraia au green card hulipati. Tunaotegemewa na ukoo tunabaki nje. Wahusika walitazame hili, maana vijana wetu wana moyo wa kutumika.

Siku hizi mama akipiga simu, kabla hajaniuliza hali yangu, huuliza: "Yule bibi wa mlangoni hajambo?"