Cheti cha Pishi Sita

Msimu ule karafuu ziliitika hasa. Skuli zikafungwa, na sisi watoto wa Wete, Pemba, tukapanda mikarafuuni pamoja na wakubwa. Jioni tulikaa jamvini kuchambua, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, karafuu kule, kisha mwenye shamba akapima kwa pishi.

Fedha hakuwa nayo. Karafuu mbichi hailipi mtu mpaka ianikwe, ikauke, ipelekwe kituoni kuuzwa kwa Shirika la serikali linalonunua karafuu. Basi akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa penseli ya kopi, ile inayotoka zambarau ikilowa: jina langu, pishi sita, na saini yake. Hicho ndicho cheti, na kikipokelewa duka moja tu, la shemeji yake, ambako sukari ilikuwa ghali kuliko mjini kote.

Neno lenyewe, cheti, lina asili ya Kihindi, chitthi, yaani barua au kikaratasi cha maandishi. Maneno hundi na pesa nayo yalivuka Bahari ya Hindi vivyo hivyo. Babu alikuwa na pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria (1882), upande mmoja imechorwa mizani. Sitini na nne zilifanya rupia moja, na rupia ikaja kuondolewa 1936, ikaingia shilingi. Nilipomwonyesha cheti changu alicheka: "Yangu walau ilipokelewa Unguja na Pemba!"

Mimi nilitaka viatu, na kwa yule shemeji havikuwepo. Nikavuka barabara, nikaingia duka jingine.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hebu nikione."

Akakisogeza kwenye kandili. Akalamba kidole, akasugua pembe ya saini; ikatoka zambarau.

"Mkono ni wake. Lakini mlipaji mzito huyu. Nitakupa vya pishi nne."

"Na mbili, ami?"

"Mbili zangu mimi ninayengoja."

Nilimwona mwizi. Leo naona alinitendea haki kuliko yule aliyeniandikia. Nikachukua viatu, vikubwa kweli, mama akavijaza gazeti puani.

Msimu ukapita, karafuu zikauzwa, ami hajalipwa. Alikuja kuzipata fedha zake mwezi wa Ramadhani, tena baada ya kumvizia mwenye shamba mlangoni mwa msikiti, watu wakitoka tarawehe, cheti mkononi, akikisoma kwa sauti.