Suti ya kushonesha Dubai bila kumaliza mshahara

Jamani mlioko Dubai, acheni kununua suti za madukani zinazowakaba mabegani wakati mtaa wa Satwa umejaa mafundi, wengi Wahindi na Wapakistani, wanaoshona vizuri kwa bei ya maelewano. Mi kitambaa nanunua kwanza mwenyewe Meena Bazaar, soko la vitambaa hapo hapo Dubai, na kabla sijalipa naomba kauzi kadogo nikachome na kiberiti, sufu inanuka nywele zilizoungua, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu, hapo hudanganywi. Halafu mabega! Kiuno na urefu wa suruali vinarekebishika hata kesho, ila mabega ya koti yakishakosewa ni kazi kubwa sana, kwahiyo lazima urudi kujaribu koti likiwa limeshikizwa tu, bitana bado. Fundi akikwambia hakuna haja ya kujaribu, nakuomba kabisa, chukua kitambaa chako nenda duka la pili.