Siku moja maishani mwangu: mshubiri, mwarobaini na ngozi za watu

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kutibu ngozi kwa mimea, na naanza na mshubiri kungali na ubaridi. Nakata majani ya nje yaliyokomaa, yale ya katikati nayaacha yakue. Kila jani nalisimamisha ndooni, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 20 hadi 30, ili utomvu wa njano uchuruzike wote. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalaumu mmea. Utomvu huo hukaa chini tu ya ganda na unawasha ngozi, ukimezwa, unaharisha. Ninaoutaka ni ute angavu wa ndani. Nasuuza jani, nakata kingo zenye miiba, nabandua ganda, kisha nausuuza na ute wenyewe. Unafaa kwa ngozi kavu au iliyoungua juujuu, na utumike siku hiyohiyo. Kidonda kirefu haupakwi.

Kuna wanaoniletea majani ya mkonge wakidhani ni mshubiri. Vunja jani uone: mshubiri umejaa ute, mkonge umejaa nyuzi, na maji ya mkonge mbichi yanawasha vibaya.

Saa 2:30. Umande umekauka, sasa ndiyo saa ya mwarobaini. Nachuma majani yaliyokomaa, machanga yenye wekundu nayaacha. Kabla ya kuchuma nahakikisha sijasimama chini ya Melia azedarach, mti unaofanana nao sana. Kikonyo cha mwarobaini kina vijani pande mbili, vilivyopinda na vyenye meno. Cha Melia hugawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, na matunda yake ni sumu.

Majani ya kukausha nayatandaza kivulini, tabaka moja, yakipitiwa na upepo, na kuyageuza kila siku. Jua kali huharibu baadhi ya viambata vya mwarobaini. Yapo tayari pale jani linaposagika kwa vidole na kikonyo kinavunjika kwa mlio. Yakigeuka kahawia na kunuka uvundo, natupa yote, sichambui.

Saa 4. Wagonjwa. Hapa ndipo muda mwingi wa siku unapokwenda, na ndipo palipo na kazi kuliko kwenye kinu. Ngozi inayowasha ina majina mengi, na jani moja haliyatibu yote. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyoanza kupona, hilo ni choa. Mapunye ya kichwani sipotezi muda kuyapaka kitu, kwa sababu fangasi wameingia kwenye shina la nywele na hutibiwa kwa vidonge. Baka lililofifia rangi nalipima kwa uzi wa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi uzi, anakwenda kituo cha afya leo hii: huenda ni ukoma, na dawa zake hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Wekundu unaosambaa pamoja na homa, au kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, navyo havikai kwangu.

Upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, nautambua kwa maswali matatu. Unawasha zaidi usiku? Upo katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni? Swali la tatu ndilo linaloamua: "Mama, na wengine nyumbani wanajikuna?"

Saa 7. Natwanga dawa ya upele: majani mabichi ya mwarobaini sehemu nne kwa manjano mabichi sehemu moja, yaani gramu 200 kwa gramu 50. Maji naongeza kijiko kimoja kimoja, maana rojo likilegea linateleza na kudondoka. Utafiti wa awali uliofanyika India na kuchapishwa 1992 uliwapaka watu 814 mchanganyiko wa mimea hii miwili, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Kwa kuwa ni wa awali, simzuii mtu kutumia krimu ya duka la dawa. Wajawazito na watoto wachanga nawaelekeza huko moja kwa moja.

Rojo hupakwa baada ya kuoga, kuanzia shingoni hadi nyayo, na chini ya kucha pia. Linakwama kwa sababu zilezile: amepakwa mmoja na nyumba nzima imeachwa, au wameacha siku ya tatu muwasho ulipopungua, wakati mayai ya wadudu huanguliwa kwa siku 3 hadi 4. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto siku ya kwanza. Kuna na kosa la kinyume: muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 wadudu wakiwa wameshakufa, na mtu anaendelea kujipaka mpaka ngozi inababuka.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini mtoto asinyweshwe kabisa. Yanaleta kutapika na degedege.

Saa 9:30. Marhamu. Gramu 100 za majani makavu ndani ya nusu lita ya mafuta ya nazi, chombo kikiwa juu ya maji ya moto, saa mbili bila kuchemka. Nachuja kwa kitambaa kikavu. Kila gramu 100 za mafuta nayeyushia gramu 20 za nta ya nyuki, au 25 msimu wa joto. Tone moja kwenye kijiko baridi linaonyesha kama ni laini au gumu mno. Majani mabichi hayaingii humu, wala chupa yenye unyevu. Tone la maji linatosha kuleta ukungu.

Ndimu nayo haiingii, ingawa huulizwa kila mara. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi.

Saa 11. Kila mgonjwa mpya wa marhamu napaka kidogo upande wa ndani wa mkono, eneo la ukubwa wa sarafu, na anarudi baada ya saa 48. Pakivimba au kutoka malengelenge, hapewi. Naandika daftarini mmea, tarehe ya kuchuma na mahali palipopakwa, kisha naosha kinu kwa sabuni na kukianika.