Namna Tulivyomchagulia Mama Safari ya Jangwani

Mwishoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na fedha ya korosho ikiwa bado haijaisha yote, watu wanane wa ukoo wetu tutaondoka Mikindani kwenda Muscat kumtazama shangazi yetu, aliyeolewa Omani tangu nikiwa darasa la tatu. Mkubwa kuliko sote ni Mama, mwenye umri wa miaka 73, presha, na goti la kulia lisilopenda ngazi. Mdogo kuliko sote ni mwanangu wa mwisho, aliyetimiza miaka miwili mwezi uliopita. Katikati wamo kaka yangu, mkewe ambaye siku hiyo atakuwa na mimba ya miezi mitano, watoto wao wawili wa miaka 15 na 9, mume wangu na mimi.

Shangazi ndiye aliyetaka tulale usiku mmoja kwenye jangwa la Sharqiya, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, lililo mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat. Kazi ya kutafuta kampuni ya kutupeleka niliachiwa mimi kwa sababu, walivyosema, ndiye mwenye subira ya kuandikiana na watu. Nilidhani ingenichukua jioni moja, lakini ilinichukua wiki tatu.

Karibu kila kampuni niliyoiandikia ilinitumia picha ya namna moja: gari kubwa jeupe limeinama ubavu juu ya tuta la mchanga, na mchanga unaorushwa na matairi umefunika nusu ya picha. Mtoto mkubwa wa kaka aliitazama akasema hiyo ndiyo safari yenyewe. Mimi ilinitia mashaka, kwa kuwa nilikuwa namwona Mama ndani ya gari lile. Mchezo wa kupanda na kushuka matuta kwa kasi huurusha mwili juu na kuupigiza chini mara nyingi kwa muda mfupi, na ndiyo maana kampuni zenyewe huandika, kwa herufi ndogo chini kabisa ya tangazo, kwamba haufai kwa wajawazito, watoto wachanga, wenye maradhi ya moyo na wenye maumivu ya mgongo au shingo. Kisha, juu kwa herufi kubwa, huandika kwamba ni safari ya familia nzima.

Kampuni moja, nilipoieleza habari ya wifi yangu, ilijibu kwa mstari mmoja kuwa hakuna tatizo, dereva ataendesha taratibu. Sikuwaandikia tena. Mtu aliyewahi kwenda Msimbati, ufukwe wa mchanga kwetu Mtwara, anajua kwamba mchanga mlaini haupandwi taratibu: gari linahitaji kasi ya kutosha ili lifike juu, na likipungua nguvu katikati ya mlima linazama. Anayeahidi kupanda tuta polepole ama halijui jangwa lake, ama analijua na anataka fedha yako.

Msimbati ndiyo shule yangu kwa jambo hili. Miaka michache iliyopita tulikwenda huko na Noah ya kukodi, tukapita Madimba vizuri, na tulipokaribia ufukweni dereva wetu akaingia mchangani na matairi yaliyojaa upepo kama yalivyotoka mjini. Hatukwenda hata mita mia. Alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo matairi yalivyozidi kuchimba, mpaka tumbo la gari likakaa chini. Alitokea kijana mmoja mwenye pikapu, akachuchumaa kwenye kila tairi, akabonyeza mdomo wa valvu kwa kijiti na kusikiliza upepo ukitoka, huku akihesabu kimoyomoyo. Alipomaliza, tairi zilikuwa zimelegea na kutanuka chini, na baada ya kusukuma kidogo gari lilitoka lenyewe.

Siri yake ni hiyo tu. Tairi iliyolegea hukalia eneo refu zaidi, uzito wa gari ukasambaa, na mchanga ukaubeba badala ya kukatika chini yake. Barabarani magari haya makubwa hujazwa upepo wa psi 35 hivi, kipimo kinachosomwa kwenye geji ya tairi. Kwenye mchanga madereva wengi huushusha hadi kati ya 15 na 20. Ukishushwa mno, tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi gari linapokata kona kwa ghafla, na ukirudi lami bila kujaza, tairi hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kampuni lilikuwa hili: mnashushia upepo wapi, na mnajazia kwa kitu gani? Wengi waliruka swali hilo, wakaniambia habari za chakula cha jioni na ngamia.

Aliyelijibu ni mzee mmoja mwenye magari yake mwenyewe, ambaye shangazi aliniunganisha naye kwa simu, na ambaye alizungumza Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Si ajabu huko, kwani Waomani wengi waliokuwa wakiishi Zanzibar waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi walirudi nchini mwao hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka 1970. Alisema upepo hushushwa mjini Bidiyah, lami inapokaribia kwisha, na kwamba kila gari lake lina pampu yake ya kujazia. Kisha akaniuliza yeye maswali ambayo hakuna mwingine aliyeniuliza: bibi ana umri gani, anatumia dawa gani, mjamzito ana miezi mingapi, na mtoto mdogo ana kiti chake cha kufungia au wamtafutie.

Yeye ndiye aliyenieleza pia umbo la jangwa lenyewe, na hapo ndipo nilipoona njia. Matuta makubwa ya Sharqiya, mengine yakifika urefu wa mita 100, yamejipanga kwa mistari kutoka kaskazini kwenda kusini, na wanaoyachunguza wanaamini kuwa yalipangwa na pepo za msimu, yaani ndugu za kusi yetu iliyokuwa ikisukuma majahazi pwani hii. Kati ya mstari na mstari kuna bonde bapa, lenye vichaka na nyayo za magari, ambalo mtu anaweza kulifuata mpaka kambini bila kupanda tuta hata moja. Kumbe haikuwa lazima kuchagua baina ya kumwacha Mama hotelini na kumtesa. Tulihitaji magari mawili na kampuni iliyo tayari kuyatenganisha: moja lipite bondeni na Mama, wifi, mtoto mdogo na mimi, jingine lipande matuta na wale wenye hamu ya kupiga kelele. Magari mawili yana faida nyingine, kwamba moja likizama kuna la kulivuta, kwani gari la bondeni halitakuwa mbali na lile la juu, na madereva watakuwa na redio za mkononi. Hilo nililitaka kwa maandishi, nikaandikiwa.

Mama, aliyekuwa akisikiliza simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, alikuwa na swali moja tu. "Mwulize, choo kiko wapi, na kutoka kitandani ni hatua ngapi?" Nikaona haya kidogo. Yule mzee alicheka, kisha akajibu kwa makini kuliko alivyojibu maswali yangu yote: mahema ya kambi yanatumia vyoo vya pamoja vilivyo ng'ambo ya uwanja wa mchanga, lakini kuna vyumba vichache vya kujengwa vyenye choo cha kukaa ndani, na cha kwanza upande wa maegesho atamwekea yeye. Maji ya udhu yapo. Mama akasema, "Ahsante mwanangu," ingawa kwa sauti ile huenda yule mzee alimzidi umri, na kwa upande wake kikao kikawa kimefungwa. Nakiri kwamba swali lake lilichuja kampuni kuliko yangu ya upepo, maana nilipowapigia wengine wawili na kuwauliza hilohilo, hakuna aliyejua.

Bei ya mzee huyu ilizidi ya wengine kwa karibu robo. Kaka alinung'unika, kama ilivyo kawaida yake baada ya mnada wa korosho, lakini akatuma malipo ya awali. Mengine yalikuwa madogo: tuondoke Muscat asubuhi kwa sababu Desemba jua huzama mapema, tubebe sweta kwa kuwa usiku wa jangwani una baridi isiyofanana na mchana wake, na watakaopanda matuta wasile sana kabla. Bima ya safari niliisoma mwenyewe, na ni vizuri nilifanya hivyo, kwani ya kwanza tuliyotaka kukata ilikuwa imeondoa safari zote za nje ya barabara.

Jumapili iliyopita kaka aliazima Land Cruiser ya rafiki yake, tukampeleka Mama Msimbati kwa majaribio, maji yakiwa yamekupwa. Tulimkalisha kwanza siti ya nyuma kabisa, juu ya ekseli, na baada ya dakika tano akaomba tusimame. Siti ya mbele ilimpendeza, mkanda ukiwa umepita vizuri na mkono umeshika kishikio. Tatizo halikuwa mchanga hata kidogo. Lilikuwa kupanda garini, kwa sababu goti lilikataa kimo kile, mpaka mvuvi mmoja alipotuletea kreti tupu ya soda. Usiku huo nilimwandikia mzee wa Muscat, akajibu kwamba atatafuta ngazi fupi. Mama hakungoja. Kigoda chake cha jikoni kimekwisha kufungwa kwa kamba ubavuni mwa begi lake, na tangu jana anapika akiwa amesimama.