Kiangazi ambacho Hearts ilitaka kuinunua Hibs

Wiki hii nimekuwa nikikesha na simulizi za mashabiki wa soka wa Edinburgh, Uskoti, kuhusu mwaka 1990. Ni watu wazima wenye wajukuu, na wanazungumzia kiangazi ambacho ligi ilikuwa mapumzikoni, hakuna bao lililofungwa mjini kwao, lakini wanakikumbuka kuliko misimu kadhaa iliyochezwa.

Chanzo ni mtani wangu mmoja. Simtaji, kichwa chake kimeshakuwa kikubwa vya kutosha. Alisema timu yangu na yake zote hoi, kwa hiyo bora ziunganishwe ipatikane moja ya maana. Alikuwa anatania, nikacheka, kisha hoja ikagoma kunitoka. Nikataka kujua imewahi kuwatokea akina nani, na ilikuwaje.

Tarehe 4 Juni 1990, Wallace Mercer, mwenyekiti wa Hearts, alitangaza dau la pauni milioni 6.2 la kuinunua Hibernian, yaani Hibs, mahasimu wa Hearts wa mji huohuo tangu karne ya 19. Siku nne baadaye Kombe la Dunia lilianza Italia, Uskoti ikiwa ndani. Mji ulipaswa kuzungumzia hilo tu. Uskoti ikafungwa 1-0 na Costa Rica, aibu ya kuwanyima watu usingizi, lakini upande wa Hibs tayari walikuwa na msiba wao nyumbani.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo ninapokunja uso, maana mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mwaka 1988 Hibs iliingizwa kwenye soko la hisa, na kampuni iliyoimiliki ikajitumbukiza kwenye baa na hoteli kusini-magharibi mwa Uingereza. Madeni yakafuata. Klabu iliyoanzishwa na Waayalandi Wakatoliki mwaka 1875 ikawa hisa tu, na hisa huwa haimuulizi mnunuzi anashangilia nani Jumamosi.

Nataka kumtendea haki Mercer, kwa sababu mashabiki wengi hawamtendei. Hoja yake ilikuwa kwamba Edinburgh yenye klabu mbili za wastani itabaki kuzitazama Rangers na Celtic za Glasgow zikipokezana ubingwa milele, na kwamba klabu moja kubwa ingeweza kupambana nazo. Ukiangalia yaliyofuata, hakuwa anaota. Tangu Aberdeen ilipotwaa ubingwa mwaka 1985, ilipita zaidi ya miaka 35 kombe likiwa halitoki Glasgow. Kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi, na anayemwita mjinga hajasoma jedwali la ligi.

Kilichomponyoka ni hesabu nyingine. Alichukua mashabiki wa huku, akajumlisha na wa kule, akapata jukwaa lililojaa. Lakini shabiki wa Hibs hakuwa ameikosa timu ya kushabikia. Kama alitaka bingwa tu, Glasgow haiko mbali, angepanda treni. Alikuwa amechagua kijani, na sehemu ya kuchagua kijani ni kutochagua ile rangi ya damu ya mzee ya Hearts. Ukimwambia sasa zote ni zake, umemnyang'anya mbili kwa mpigo. Na halikuwa hata jambo la kuungana kwa usawa. Klabu moja ilikuwa inainunua nyingine, na kila mtu mtaani alijua ipi ingezikwa.

Vuguvugu la kuiokoa likapewa jina fupi, Hands Off Hibs, yaani msiiguse Hibs. Watu walifurika uwanjani Easter Road kwenye mkutano wa hadhara. Joe Baker, mshambuliaji wao hatari wa miaka ya nyuma, alipiga magoti akaibusu nyasi. Hilo linasimuliwa na kila mtu, hata na wale ambao nina wasiwasi walikuwa wamekaa mbali wasione kitu.

Lakini sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ya John Robertson. Huyu alikuwa straika wa Hearts. Mpaka anamaliza kazi yake alikuwa ameifunga Hibs mabao 27, wakampachika jina la Nyundo ya Hibs. Kama kuna mtu aliyewatesa watu wa kijani kwa miaka mingi, ni yeye. Na yeye, pamoja na mwenzake Gary Mackay, walijitokeza kuupinga mpango wa mwenyekiti wao wenyewe. Mchezaji aliyeajiriwa, mkataba mezani, anamwambia bosi hapana hadharani. Wengine wataona ni huruma. Mimi naona Robertson alijua vizuri anachokula. Bila Hibs angebaki mfungaji mzuri kama walivyo wafungaji wengine wazuri, lakini unyundo angeupata wapi?

Mercer alihitaji zaidi ya robo tatu ya hisa na hakuzifikia. Katikati ya Julai akarudi nyuma. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Tom Farmer akaiokoa Hibs, na Oktoba 1991 timu iliyokuwa imeshaandaliwa sanda ikatwaa Kombe la Ligi kwa kuifunga Dunfermline 2-0.

Sasa fikiria Mei 2012, fainali ya Kombe la Uskoti, Hearts 5, Hibs 1. Muulize shabiki yeyote wa Hearts siku yake tamu kuliko zote maishani, sidhani kama utasubiri sana jibu. Siku hiyo walipewa na kushindwa kwa Mwenyekiti Mercer. Miaka minne baadaye Hibs nao wakalibeba kombe hilohilo kwa 3-2 dhidi ya Rangers, mara yao ya kwanza tangu 1902. Miaka 114 ya kuzomewa ikaisha kwa bao la dakika za majeruhi. Klabu moja ya Edinburgh ingeweza kubeba makombe mengi zaidi, nakubali. Ila nani angemzomea nani?

Nilipomsimulia mtani haya, akanirukia: hiyo ni Uskoti, na hao ni majirani wa mji mmoja. Nikampeleka Uingereza. Aprili 1983 tajiri Robert Maxwell, aliyekuwa ameiokoa Oxford United isifilisike mwaka mmoja tu kabla, alitangaza kuiunganisha na Reading. Timu mpya ingeitwa Thames Valley Royals. Jim Smith wa Oxford angekuwa kocha, na Maurice Evans wa Reading angekuwa msaidizi wake. Mashabiki wa Oxford wakaketi uwanjani kabla ya mechi na Wigan na kuichelewesha. Upande wa Reading, Roger Smee, mchezaji wao wa zamani aliyetajirika, akaenda Mahakama Kuu kupinga uuzaji wa hisa, na mpango ukavunjika. Kumbe wakati mwingine wimbo wa jukwaani hautoshi, anatakiwa mtu anayesoma nyaraka.

Kilichofuata ndicho kilichonichekesha peke yangu usiku. Evans alifukuzwa na Reading, akachukuliwa na Oxford, na Aprili 1986 akaiongoza Oxford kwenye fainali ya Kombe la Ligi Wembley. Wapinzani walikuwa QPR. Kocha wa QPR? Jim Smith! Evans akamfunga 3-0 mtu ambaye angekuwa bosi wake. Msimu huohuo Reading walianza ligi daraja la tatu kwa kushinda mechi 13 mfululizo na kumaliza mabingwa. Miji miwili, sherehe mbili, mwaka mmoja.

Haikuwa sherehe siku zote, nisidanganye. Mwaka 2006 Reading walipanda Ligi Kuu kwa pointi 106, na Oxford katika majira hayohayo wakashuka hadi nje ya ligi kabisa. Kuna mtu Oxford aliyeketi na huzuni hiyo huku akisikia vuvuzela za jirani, na pengine alijiuliza kama yule tajiri wa 1983 hakuwa na hoja. Ningekuwa yeye, siku ile ningejiuliza.

Yokohama, kule Japani, wao hawakupata bahati ya kuokolewa. Mwishoni mwa 1998, baada ya wadhamini kuishiwa pumzi, klabu ya Flügels waliambiwa wataunganishwa na Marinos, mahasimu wao wa mji. Wachezaji hawakupoteza mechi tena, na Januari 1, 1999 wakatwaa Kombe la Mfalme katika mechi ya mwisho ya uhai wa klabu yao. Marinos wakaongezewa herufi F kwenye jina. Mashabiki wengi wa Flügels wakaikataa hiyo herufi, wakaunda timu yao, Yokohama FC, na mwaka 2007 ikafika ligi kuu na kukutana na Marinos uso kwa uso.

Nilikuwa nimeshajiona mshindi wa ubishi mpaka nikafika Inverness. Mwaka 1994 Caledonian na Inverness Thistle waliungana, katikati ya ugomvi mkali, ili mji wao upate nafasi kwenye Ligi ya Uskoti. Wakaipata. Mwaka 2000 wakaitoa Celtic kwenye Kombe la Uskoti kwa 3-1 ugenini, na mwaka 2015 wakalibeba kombe lenyewe. Hiyo siwezi kuikwepa. Muungano ulizaa kitu ambacho pengine kila mmoja peke yake asingekigusa, ingawa najua wapo wazee waliokataa kuikanyaga timu mpya, na siwalaumu.

Tofauti ninayoiona ni kwamba pale suala lilipita kwenye mikutano ya wanachama, wakagombana, wakapiga kura. Edinburgh na Oxford wenye timu walipata habari kutoka gazetini. Kwa hiyo nimemwambia mtani kwamba siku wakituletea mpango wa namna hiyo, nitaanza kwa kuomba daftari la wanachama, halafu nitapiga kura ya hapana. Nikamuuliza yeye atapiga ipi. Anasema atapiga hapana vilevile, kwa sharti kwamba kwanza nikubali lile penalti la msimu uliopita lilikuwa halali. Halikuwa halali.