Nilivyoitetea pensheni yangu shirika letu la ndege lilipofilisika

Shirika la ndege likifilisika Marekani, ndege haziachi kuruka. Ndugu zangu wa Tanga walikuwa wakinipigia simu kunipa pole kana kwamba nimefungiwa geti, nami nikawaeleza upya kila mara: Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi inairuhusu kampuni kuendelea na biashara chini ya ulinzi wa mahakama, wadai wakiwa wamezuiwa kuikamata mali yake, hadi ipange upya madeni. Abiria anakata tiketi, anapewa soda yake, anafika salama. Anayeumia ni mfanyakazi, kwa sababu mshahara wake na pensheni yake vinawekwa kwenye orodha ya gharama za kupunguza.

Nilikuwa fundi wa ndege New York katika miaka ile iliyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001. US Airways waliingia mahakamani Agosti 2002, United Desemba mwaka huohuo. US Airways wakarudi tena 2004, na Delta na Northwest wakaingia siku moja, tarehe 14 Septemba 2005. Shirika langu sitalitaja jina, maana wapo wenzangu ambao bado wanapata riziki zao humo.

Walianza na mshahara. Kifungu cha 1113 cha sheria hiyo ya ufilisi, kilichopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1984, kinasema mwajiri aliyefilisika hawezi kuuchana mkataba wa wafanyakazi kwa kupenda kwake. Lazima apeleke mapendekezo kwenye chama cha wafanyakazi, atoe hesabu zinazoyatetea, akae mezani wazungumze. Chama kikikataa bila sababu nzuri, hakimu anaweza kumruhusu auvunje mkataba. Kwenye karatasi ni kinga kwa mfanyakazi. Lakini ukiwa kwenye ukumbi wa hoteli usiku, umetoka zamu na mikono bado inanuka mafuta ya ndege, mwanasheria wa chama anakwambia mkiyakataa makato haya huenda hakimu akapitisha makubwa zaidi, huioni ile kinga.

Baadhi ya wenzangu walitaka tugome. Mimi nilipiga kura ya kukubali, na mpaka leo naamini nilifanya sawa. Makato yalikuwa machungu, lakini mkataba uliobaki hai ulibaki na ukongwe wetu kazini, utaratibu wa malalamiko na kanuni za kupunguza watu. Mkataba ukivunjwa, hayo yote yanarudi mikononi mwa mwajiri. Baadaye, Agosti 2005, mafundi wa Northwest waligoma na kampuni ikajaza nafasi zao kwa watu wengine. Sikufurahi hata kidogo kuona hivyo. Walikuwa watu wa kazi yangu, na madai yao yalikuwa ya haki.

Pensheni ilikuwa balaa jingine. Pensheni zetu zilikuwa za mtindo wa zamani: mwajiri anakuahidi kiasi fulani kila mwezi kulingana na miaka uliyotumika, naye ana wajibu wa kuujaza mfuko. Mfuko wetu ulikuwa na pengo kubwa. Hakimu akiridhika kwamba kampuni haiwezi kusimama tena ikiwa na mzigo huo, mpango unavunjwa na kukabidhiwa PBGC, shirika la serikali la kudhamini pensheni lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Linaendeshwa kwa michango ya waajiri, si kodi za wananchi. Tarehe 10 Mei 2005 mahakama ya ufilisi ya Chicago iliwaruhusu United kuikabidhi mipango yao minne. Pengo lilikuwa kama dola bilioni 9.8, na dhamana ya PBGC ilifunika kama bilioni 6.6. Tofauti ile ya zaidi ya bilioni 3 ilitoka kwenye uzee wa watu.

Mama nilipomsimulia kwa simu alisema, "Sasa si serikali imeshika, mwanangu? Wasiwasi wa nini?" Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Lakini makaratasi yako unayo?"

Alijua anachouliza. Tanga alikuwa amewaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa reli, bandari, posta na ndege. Jumuiya ilivunjika 1977, nao wakazungushwa kudai mafao yao hadi wengine wakafa wakidai. Mwaka huohuo wa 2005 ndipo serikali ya Tanzania ilipofikia makubaliano nao ya kuwalipa. Wazee wale walitembea na bahasha za kaki kwapani, na humo bahashani ndimo ilimokuwa haki yao yote.

Nikaanza kusoma. Watu wengi kazini walikuwa wanazungumzia kikomo cha dhamana, ambacho kwa mipango iliyovunjwa 2005 kilikuwa dola 45,614 kwa mwaka kwa anayeanza kulipwa akiwa na miaka 65. Kikomo hicho kiliwaumiza marubani hasa. Sheria ya wakati ule iliwalazimisha kuacha kurusha ndege wakifika 60, na anayeanza kulipwa katika umri huo kikomo chake kilishuka hadi asilimia 65 ya kile kiasi. Fundi kama mimi pensheni yangu haikuwa inafika huko. Kilichonihusu kilikuwa kimejificha chini zaidi: nyongeza yoyote ya pensheni iliyopatikana ndani ya miaka mitano kabla ya mpango kuvunjwa hudhaminiwa kidogo kidogo, takribani asilimia 20 kwa kila mwaka uliotimia. Pia kile kiasi cha ziada ambacho mwajiri aliwaahidi wanaostaafu mapema, cha kuwavusha hadi waanze kupokea malipo ya Social Security, yaani pensheni ya uzeeni ya serikali, mara nyingi hakidhaminiwi. Bima ya afya haimo kabisa. Nilichukua kalamu, nikafuta kimoja baada ya kingine, nikabaki na kiini: miaka ya utumishi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kupigania.

Nikaandika barua kuomba rekodi yangu ya utumishi wakati ofisi ya rasilimali watu ilikuwa bado na watu wanaotufahamu kwa sura. Hata huko walikuwa wanapunguzwa kila mwezi. Rekodi ilipokuja, tarehe ya kuanza kazi ilikuwa ile niliyopewa ajira ya muda wote. Miaka ya mwanzo, nilipokuwa nafanya saa pungufu huku nasomea leseni ya ufundi, haikuwepo. Kipindi walichotupunguza kwa muda baada ya Septemba 11 nacho kilikuwa kimekatwa kirefu kuliko kilivyokuwa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mtunza slipu za mshahara. Alizifunga kwa mipira, mwaka kwa mwaka, ndani ya kasha la viatu. Nyingine wino ulikuwa umefifia hadi ukabidi uzielekeze dirishani ndipo usome saa ulizofanya. Pale slipu zilipokosekana, niliomba Social Security orodha kamili ya mapato yangu, ile inayoonyesha jina la mwajiri kwa kila mwaka. Inalipiwa, na inachukua muda, lakini ni ushahidi ambao hakuna ofisi inayoweza kusema umeutengeneza mwenyewe. Nikaunganisha na fomu za kodi za kila mwaka. Kila nakala niliyotuma niliiandikia tarehe, asilia ikabaki nyumbani.

Nyumbani nako tulikaa chini tukapanga upya. Mke wangu alikuwa kwenye upatu na akina mama wenzake wa Kiswahili pale Queens. Akaomba zamu yake isogezwe mbele, nao wakakubali bila maneno. Fedha za nyumbani Tanga tulizipunguza. Ada za watoto wa dada yangu hatukuzigusa, ila ujenzi ulisimama kwenye linta. Akiba yangu ya 401(k), ile ya uzeeni inayowekwa kupitia kazini, sikuitoa, ingawa wenzangu kadhaa walizitoa zao kwa woga. Fedha hizo ziko kwenye amana yake, wadai wa kampuni hawawezi kuzigusa, na ukizitoa kabla ya umri unakatwa kodi na faini. Jambo la kufanya ni kuhakikisha hazijakaa kwenye hisa za mwajiri wako. Wafanyakazi wa United walimiliki asilimia 55 ya kampuni kuanzia 1994, na ilipofilisika hisa zile hazikuwa na thamani tena. Mshahara, pensheni na akiba vyote kumtegemea mtu mmoja ni hatari ambayo hakuna msimamizi anayekuonya.

Mpango wetu nao uliishia mikononi mwa PBGC. Shirika hilo huanza kwa kulipa makadirio, kisha hupitia kumbukumbu, na hesabu ya mwisho inaweza kuchukua miaka. Wakikuta walikuzidishia, hukata kidogo kidogo kwenye malipo yako yajayo. Barua ya uamuzi ikishafika, una siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo hazingojei mtu. Yangu ilipokuja, miaka ya mwanzo ilikuwa bado haijahesabiwa yote. Kwa kuwa kasha lilikuwa tayari, rufaa niliiandika jioni moja mezani, mke wangu akisoma tarehe nami nikiandika. Walinirudishia karibu yote. Kipindi cha saa pungufu walikihesabu kwa kiwango chake, na hilo nililiona la haki.

American walipoingia mahakamani tarehe 29 Novemba 2011, vijana wawili watatu wa kwetu waliokuwa huko walinitafuta. Safari ile PBGC lilisimama imara hadharani kupinga kuvunjwa kwa mipango, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuisimamisha badala ya kuivunja: waliyokwisha kuchuma yakabaki yao. Lakini wakati wananipigia hakuna aliyejua hilo. Mmoja akaniuliza, "Mzee, nianzie wapi?" Nikamwambia aandike barua ya kuomba rekodi yake ya utumishi wiki hiyohiyo, aitume kwa rejesta, na asingoje mkutano wa chama.